Cheni Haifi Siku Moja

Vijana wangu mlioshika spana juzi, na ninyi mlionunua gari la kwanza mkaambiwa na dalali, "Hili lina cheni, halina mkanda, wewe weka mafuta utembee," nisikilizeni. Nimekaa gereji miaka mingi, na nimeona injini nzuri nyingi zikifa kwa maneno hayo. Kuhusu cheni dalali alisema kweli. Hatari iko kwenye hilo "utembee".

Sisi wa zamani tulilelewa na mkanda. Corolla zenye injini za 4A na 5A, Land Cruiser za 1HZ zilizokuwa zikibeba watu wa miradi hadi vijijini, zote zilikuwa na mkanda wa taimingi wa mpira, na kitabu kilitaja kilometa za kuubadilisha, aghalabu karibu na 100,000. Land Cruiser hizo zilikuwa hata na taa ya kukumbusha kwenye dashibodi. Mwenye gari alijua siku inakuja, akaweka akiba. Kisha zikaja 1NZ na 2NZ ndani ya Vitz, IST na Probox, nazo zina cheni ya chuma inayooga oili nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini. Kitabu hakikuipangia kilometa za kuibadilisha. Watu wakauchukua ukimya huo kuwa ahadi ya milele.

Ahadi ipo, ila ina sharti, na sharti lenyewe ni oili. Cheni inayopata oili safi, ya uzito unaotakiwa, kwa wakati wake, inaweza kweli kuishi umri wa injini. Cheni inayonyimwa hiyo huanza kulika kimyakimya, na kila hatua ya kulika kwake ina dalili. Onyo langu kwenu ni hilo: dalili zipo mapema, na anayezipuuza, awe fundi au mwenye gari, ndiye anayeiua injini.

Kwanza mjue kazi ya cheni, maana wengi mnaifungua bila kuielewa. Krenki iko chini, kemshafti ziko juu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja kamili, pasipo kuzidi wala kupungua. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kwa sekunde, na kila vali inafunguka na kufunga mara 25 katika sekunde hiyohiyo. Kwenye injini nyingi za sasa, pistoni inapopanda hadi juu inaingia katika nafasi ileile ambayo vali ilikuwa imeshukia muda mfupi kabla. Kinachofanya zipishane ni cheni hiyo peke yake.

Tunazoea kusema cheni "imevutika". Chuma hakivutiki hivyo. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila pingili. Cheni ya 1NZ ina milimita 8 kutoka pini moja hadi nyingine. Chukua cheni yenye pingili mia moja: kila kiungo kikilika sehemu tatu za mia za milimita, kiasi ambacho ukucha hauwezi kukihisi, cheni nzima imerefuka milimita 3. Upande unaovuta, ule ulionyooka, unachukua fungu lake la urefu huo, na kemshafti inachelewa kwa kiasi hicho. Upande uliolegea unabanwa na tenshena. Ndiyo maana gari linaweza kutembea miezi mingi huku vali zikifunguka kwa kuchelewa na nguvu zikipungua kidogo kidogo, mwenyewe akilaumu petroli.

Tenshena nayo ni kitu kidogo kinachobeba dhamana kubwa. Ni pistoni ndogo inayosukumwa na springi pamoja na presha ya oili, na nyingi zina meno yanayoizuia isirudi nyuma. Asubuhi, gari likiwa limelala, presha ya oili haipo. Ukiwasha, cheni inangoja oili ifike ndipo ibanwe sawasawa. Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu mtaani kuna imani iliyoua injini nyingi kuliko ajali: kwamba injini iliyochoka huponywa kwa oili nzito. Injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 inamiminiwa 20W-50, kelele inapungua siku mbili tatu, fundi anasifiwa. Oili hiyo inachelewa kufika kwenye tenshena kila asubuhi, na inapita kwa shida kwenye vijia vyembamba vya VVT-i, ule mfumo unaosogeza taimingi ya kemshafti kwa nguvu ya oili. Soma kitabu cha gari au kifuniko cha oili, weka kilichoandikwa pale.

Filta ya bei ya kutupa ni adui mwingine. Filta nzuri ina vali ya mpira inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Mbovu haina, au inayo ngumu isiyofunga, na cheni inaanza kila siku ikiwa kavu. Kisha kuna foleni. Saa mbili kutoka Mbagala hadi Posta hazionekani kwenye kilometa, lakini injini ilizunguka saa zote mbili na oili ikapikika. Anayeishi ndani ya foleni asisubiri kilometa za kitabu, apunguze. Na kile kijiti cha kupimia oili mkitumie kila wiki. Injini inayokula oili kidogo kidogo bila kuongezewa ndiyo inayoniletea cheni zilizolika kabla ya wakati wake.

Sasa dalili. Ya kwanza ni kelele ya kukwaruza na kugonga upande wa mbele wa injini, gari likiwashwa la baridi. Ikidumu sekunde moja au mbili kisha ikanyamaza, usilale, ifuatilie. Ikirefuka wiki hadi wiki, ikaanza kusikika hata injini ikiwa ya moto kwenye sailensi, au unapoachia mafuta mizunguko inaposhuka, cheni imelegea au tenshena imechoka. Kelele nyingine zinafanana nayo, na hapo ndipo vijana mnapoumbuka. Vali zenye nafasi kubwa hupiga tiki-tiki ya haraka juu ya hedi. Ekzosi inayovuja kwenye gasketi hupiga ikiwa baridi, ikanyamaza chuma kikipanuka. Bearingi ya pampu ya maji au ya altaneta hulia mbele palepale ilipo cheni: vua mkanda wa nje, washa kwa sekunde chache tu, sikiliza. Kelele ikiondoka na mkanda, mwache mwenye gari na cheni yake.

Gari likiletwa kwako mchana likiwa la moto, kelele ya asubuhi hutaisikia. Mwombe mwenyewe aliache lilale. Bosi akikataa kwa haraka zake, mwambie wazi kwamba kupima bila kulisikia likiwashwa la baridi ni kubahatisha kwa fedha yake.

Dalili ya pili huja na taa ya injini, na sasa nafika kwenye jambo linalonikera zaidi. Siku hizi kila kijana ana kimashine cha kuchomeka chini ya usukani, na hilo ni jema. Sisi tulipapasa gizani. Lakini mnakiamini kuliko mnavyokielewa. Mashine ikiandika P0016, inasema jambo moja tu: sensa ya krenki na sensa ya kemshafti hazikubaliani kuhusu mahali injini ilipo. Haijasema sensa imekufa. Haijasema cheni imerefuka. P0011 inasema kemshafti ya kuingiza hewa imetangulia kuliko ilivyoamriwa, P0012 inasema imechelewa. Kila namba ni mahali pa kuanza kutazama, na yapo mambo kadhaa yanayoweza kuileta: oili chafu au pungufu, vali ya kudhibiti oili ya VVT iliyokwama, chujio lake dogo lililoziba, waya uliochubuka, sproketi ya VVT iliyochoka, cheni iliyorefuka au kuruka jino.

Aliwahi kuja kwangu kijana dereva wa teksi ya mtandao. Gari lilikuwa la mkataba, analipa kila wiki hadi liwe lake. Taa ya injini iliwaka na gari likakosa nguvu kwenye mlima. Alikuwa ameshauziwa sensa ya kemshafti, kisha sensa ya krenki, kisha koili zote, na fundi wa mwisho alimwambia atafute kontroli boksi. Kila mara taa ilifutwa kwa mashine, ikakaa siku chache, ikarudi. Nilivuta kijiti cha oili: kikavu nusu nzima, na kilichobaki ni cheusi kizito. Chujio la vali ya VVT lilikuwa limeziba utando. Tulisafisha, tukaweka oili inayotakiwa, namba ikarudi vilevile. Tulipofungua kifuniko cha tapeti na kuweka krenki kwenye alama, kemshafti ilikuwa imechelewa, na tenshena imetoka karibu na mwisho wake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: fedha aliyotoa kwa sensa zisizo na kosa ingenunua seti nzima ya cheni, na zile wiki za kuhangaika ndizo zilizoimaliza cheni yake. Kijana yule ana familia. Waliomuuzia sensa hawakuwa wezi. Walisoma namba wakaruka moja kwa moja dukani.

Kwa hiyo fuateni mpangilio. Oili kwanza, kiasi chake na hali yake. Kisha vali ya VVT na chujio lake, kisha waya na plagi za sensa. Mwenye mashine ya kuchora mawimbi alinganishe wimbi la krenki na la kemshafti na mchoro wa injini nzima ya aina hiyo. Hapo cheni iliyoruka jino inaonekana bila kufungua boliti hata moja. Asiye nayo apime mgandamizo. Cheni ikiruka jino, mgandamizo hushuka kwenye silinda zote kwa kiasi kinachokaribiana. Ukishuka kwenye silinda moja pekee, tafuta kwingine kwanza.

Baada ya hapo ndipo ufungue kifuniko cha juu. Zungusha krenki kwa spana, upande ambao injini huzungukia, hadi alama ya puli ifike sifuri, kisha tazama alama za sproketi za kemshafti. Ukikuta alama ziko mbali kabisa, usipige kelele kwamba taimingi imeruka. Kemshafti huzunguka nusu ya krenki. Huenda silinda namba moja iko kwenye kutoa moshi. Zungusha krenki raundi moja kamili zaidi, tazama tena. Nimeona injini nzima zikifunguliwa kwa kukosa raundi hiyo moja.

Na gari likizima ghafla barabarani, ukiwasha stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mfululizo, bila yale mapigo ya mgandamizo, simama hapo hapo. Usijaribu tena. Usiite watu wasukume. Cheni huenda imekatika au imeruka, na kila mzunguko unaoulazimisha unaweza kukunja vali nyingine. Livute hadi gereji, fungua tundu la kumiminia oili au kifuniko cha juu, zungusha krenki kwa mkono polepole uone kama kemshafti inafuata. Ukihisi kizuizi, acha. Ingiza kamera ndogo kwenye matundu ya plagi utazame vichwa vya pistoni kabla ya kumtajia mtu bei. Ninyi wenye gari la gia za mkono, msiliegeshe mlimani kwa kutegemea gia ya kwanza bila breki ya mkono: likirudi nyuma linazungusha injini kinyume, ulegevu unahamia upande usio na tenshena, na cheni iliyochoka inaruka jino gari likiwa limezimwa.

Tukija kwenye kutengeneza, waulizeni waendesha bodaboda: hakuna anayefunga cheni mpya juu ya sproketi iliyochongoka meno, kwa sababu anajua ile kuukuu itaila mpya. Basi na injini ni hivyo. Cheni, tenshena, reli za plastiki zinazoiongoza, sproketi na sili ya mbele ya krenki vinakwenda pamoja. Sproketi ya VVT ni ghali, na wengi huiacha. Mnaweza kuiacha kama mmeijaribu mkaona inajifunga inavyopaswa na haichezi, lakini mwenye gari aambiwe kwamba imeachwa. Cheni ya kutolewa kwenye injini chakavu, hata uambiwe imetoka Japani jana, msiifunge. Kariakoo na Kirinyaga Road kuna wauzaji waaminifu na kuna wengine. Nunua kwa anayekupa risiti, ulaze cheni mpya kando ya ile ya zamani, hesabu pingili, linganisha alama kabla ya kuondoka dukani kama wamekuruhusu kwenda na ya zamani.

Kutoa boliti ya puli ya krenki kwa kuegemeza bomba kwenye fremu na kupiga stata, nimekataza gerejini kwangu na nawakataza ninyi. Bomba hilo linavunja mkono. Kuna kifaa cha kushikilia puli. Kama huna, azima.

Pingili za rangi kwenye cheni mpya ni za kupanga tu. Zilingane na alama za sproketi wakati wa kufunga. Ukishazungusha injini, zinahama, na zinaweza kuhitaji raundi nyingi sana kurudi pale zilipoanzia. Mwanafunzi akiona zimehama hudhani amekosea, anafungua upya. Zinazopaswa kurudi ni alama za sproketi zenyewe, kila raundi mbili za krenki. Kwa hiyo toa pini ya tenshena, ona kwa macho kwamba imebana, kisha zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili na uhakiki alama upya. Ikigoma kuzunguka, usilazimishe. Pini ikisahaulika ndani, injini hiyo itaruka taimingi siku ya kwanza.

Vipande vya reli zilizovunjika huanguka kwenye sampu. Fungua sampu, vitoe vyote, safisha chujio la kunyonyea oili. Silikoni ya kufungia kifuniko cha mbele ipakwe ukanda mwembamba usiokatika. Ile inayobubujika nje, nyingine kama hiyo imebubujika ndani, itamenyuka na kwenda kuziba chujio hilohilo ulilosafisha. Msimimine dawa ya kusafishia injini kwenye injini iliyojaa utando ili kuharakisha kazi. Inang'oa mabonge makubwa kwa mara moja. Boliti zikazwe kwa spana ya torki, kwa namba za kitabu cha injini hiyo, maana nyingine hukazwa kwa torki kisha kwa nyuzi.

Kabla ya kuwasha, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha kwa stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi, washa, sikiliza. Kwa injini iliyokuwa na oili chafu, mimi humrudisha mwenye gari baada ya kilometa 1,000 kubadilisha oili na filta tena, na simwachi anibembeleze kwamba bado ni nyepesi na safi.

Kuhusu bei, msitaje kabla ya kujua cheni iko wapi. Kwenye dizeli ya BMW ya N47, iliyoanza kutengenezwa 2007, cheni iko nyuma, upande wa giaboksi. Huwezi kuifikia kama unavyofikia ya Vitz. Fundi aliyetaja bei ya mbele kwa kazi ya nyuma ataanza kukata kona katikati, na kona zitakazokatwa ni sili, reli na sampu.

Mwenye gari akisema hana fedha, arudi mwisho wa mwezi, mwandikieni kwenye karatasi mliyoyapima: mgandamizo wa kila silinda, namba ya mashine, alama zilivyokaa, tenshena ilipofika, na neno kwamba gari lisiendeshwe. Asaini, abaki na nakala. Akirudi na kazi ikafanyika, mkabidhi cheni ya zamani, tenshena na vipande vya reli ndani ya boksi la seti mpya. Na wewe mwenye gari, usipopewa boksi hilo, lidai kabla hujalipa.